Nyuki Walioingia Kwenye Bawa la Mashua

Hapana, Dada Ester, mashua ya mume wangu Mihayo si kitu cha kuchezea, na hicho ndicho nilichokuwa najaribu kukueleza salio liliponiishia. Nilisikia kicheko chako chote. "Yaani mdogo wangu umeolewa na fundi wa vimashua, tena Tabora, kusiko na bahari wala ziwa!" Basi nimeamua kukuandikia kwa karatasi, kwa kuwa karatasi huwezi kuikatiza kwa kucheka. Tena nina habari ambayo tangu Alhamisi inanirusharusha moyo kama mtoto wa Krismasi.

Lakini kwanza shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Baridi ya Lushoto imekupunguzia maumivu au ndiyo inazidi? Shemeji na wanao hawajambo? Sisi hapa Kwihara ni wazima kabisa. Mimi nimenenepa, ila usimwambie mtu. Mama mkwe ananipikia michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, anavichanganya na karanga, na mimi sijui kusema nimeshiba. Bibi yake Mihayo naye ananiita mke mwenzake. Kila asubuhi ananiuliza mbele za watu, "Mke mwenzangu, mume wetu ameamkaje?" Nilikuwa naona haya, sasa namjibu, "Ameamka ananitaja mimi, wewe amekusahau." Anacheka mpaka anashika mbavu.

Na Mihayo, Dada! Sijui nianzie wapi. Akiwa anakwaruza mbao, vumbi linamjaa kwenye kope, basi mimi namtazama tu, ugali unaungua. Ananiambia, "Salome, moto," nami nadhani ananisifu.

Sasa kuhusu mashua. Ina urefu wa mtu mzima akinyoosha mikono, haina tanga la kitambaa. Juu yake kumesimama bawa, gumu, limenona mbele na kuchongoka nyuma kama la ndege, na ndani ni tupu. Bawa hilo halifungwi kamba hata moja. Linazunguka lenyewe kwenye mlingoti kama jogoo wa bati wa pale kanisani kwetu anayeonyesha upepo. Nyuma yake, kwenye vijiti viwili, kuna kibawa kidogo ambacho Mihayo anakiita mkia. Mkia ukipindwa kidogo, unalishikilia bawa upande kidogo kwa upepo, na hapo ndipo linapoivuta mashua. Upepo ukihama, bawa linahama nao. Hakuna wa kukaza wala wa kulegeza. Rimoti yake ina kazi mbili tu, usukani na kuupinda mkia. Nilipouelewa mpango huo nilimwambia, "Kumbe ni kama ndoa njema," akaona haya mpaka masikio.

Sikukwambia haya kwenye simu kwa sababu ningelia. Baba mkwe alikuwa amempa Mihayo msimu mmoja tu wa kuonyesha kuwa mashua zina faida. Kaka yake mkubwa ana duka la vifaa vya ujenzi Dar na anataka mtu wa kumwamini. Baba alisema, "Umeoa. Vimashua havilishi mke." Wakakubaliana hivi: kuna wataalamu wa maji waliosikia habari za mashua ile, wakasema Alhamisi watakuja kuiona kwenye bwawa la hapa kijijini, maana wanatafuta chombo cha kubeba kipimo chao kupita sehemu ambazo mtumbwi unachafua maji. Wakiitaka, Mihayo atabaki. Wakiikataa, Jumamosi yake anapanda treni kwenda Dar, na mimi nabaki na wakwe mpaka apate nafasi ya kunichukua. Bi harusi wa juzi! Nilikuwa nakunja mashati yake huku nayanusa.

Basi Jumatatu mama mkwe aliingia jikoni mbio, khanga imemvuka begani. "Salome, usitoke nyuma! Nyuki!"

Nikachungulia dirishani. Dada, bawa la mume wangu, lililokuwa limening'inia kwenye boriti ya kibanda likauke, lilikuwa jeusi. Lilikuwa linanguruma. Nyuki walikuwa wanaingia kwa chini, kwenye tundu la mlingoti, wanasukumana kama wamealikwa.

Unajua ilivyokuwa? Bawa limefunikwa karatasi, na karatasi ikilowa imekwisha, kwa hiyo Mihayo aliipaka nta ndani na nje. Nta mbichi, yenye harufu ya asali bado. Ndivyo baba yake anavyofanya kila mwaka: anapaka nta kwenye mzinga mpya, anautundika, anasubiri kundi lije. Mihayo amekulia kwenye kazi hiyo. Mikono yake ilipaka na kutundika kama ilivyozoea, akili yake ikiwa bwawani.

Bibi alikuwa wa kwanza kusema. "Mjukuu wangu ametengeneza mzinga mwembamba hivi! Kwa nyuki waliokonda?"

"Bibi, leo sitaki utani," Mihayo akasema. Alikuwa ameshawasha kitambaa apige moshi wa nguvu awafukuze.

"Zima huo moto," baba mkwe akasema. Alikuwa amesimama mlangoni, na sauti yake haikuwa kubwa.

"Baba, Alhamisi wageni wanakuja!"

"Nimesikia. Zima kwanza."

Hapo sikuelewa kwa nini mzee alikuwa anahangaika na kofia yake, anaivua anaivaa. Mama mkwe ndiye aliyeninong'oneza. Mwaka huu mizinga yake yote porini imebaki mitupu, hakuna kundi lililokuja. Na kwa desturi yao, nyuki ni wa mwenye chombo walichokiingia wenyewe. Hata kama ni mwanao, huchukui bila kuomba. Kumbe baba mkwe, aliyesema vimashua havilishi mke, ilimpasa sasa amwombe mwanawe.

Akaomba. Aliketi kwenye kigoda, akasema, "Mihayo, wageni wako hawa, unanipa?"

Mihayo akapiga goti. "Ni wako, Baba. Ila bawa langu lipone."

"Lipone au lisipone, sichukui bure. Sema unachotaka."

"Nataka uje bwawani Alhamisi."

Mzee hajawahi kwenda hata siku moja kuiona mashua ile. Akaivaa kofia yake, akasema, "Mkeo awashe moto wa maji ya chai. Kazi hii inataka utulivu."

Jioni jua likizama mzee alipasua karatasi ya bawa upande mmoja, taratibu kama anayefungua zawadi, akawahamishia nyuki kwenye mzinga wa gome kwa moshi mdogo mdogo. Aliumwa mkono na shingo, hakusema kitu. Mihayo aliumwa sikio, akasema mengi. Siku mbili zilizofuata tulibandika karatasi mpya, na safari hii mama mkwe aliichemsha nta mpaka harufu ikaisha.

Alhamisi, Dada, tulikwenda bwawani, baba mkwe naye akiwemo. Wataalamu walikuwa wawili, mama mmoja mwenye miwani na kijana wake wa vipimo. Mashua ikawekwa majini, upepo ukaisukuma ikalala kidogo, na lo! bawa likaangukia upande, likapiga maji, mashua ikazunguka pale pale kama kuku aliyekatwa kichwa. Mama wa miwani akatazama saa. Mimi nikaiona treni ya Jumamosi mbele ya macho yangu, naapa, na mabehewa yake.

Mihayo akaikimbilia, akaitoa, akailaza ubavu mchangani. Bawa likadondoka kwa nyuma. "Viraka," akasema. "Viraka vimeufanya upande wa mkia uwe mzito. Bawa linatakiwa libaki popote ninapoliacha." Mbele ya bawa kuna kijiti chenye kipande cha risasi, ile metali nzito, cha kuusawazisha mkia, na sasa risasi ile ilikuwa haitoshi. Akaanza kujipapasa mifukoni. Hana kitu.

Baba mkwe akavua kofia, akatoa ndani yake donge la nta. Akalimega, akalibandika juu ya risasi. "Bado?"

"Bado, Baba. Ongeza."

Akamega tena, akabandika. "Sasa?"

"Kidogo tena."

Wakainama wote wawili, vichwa vimegusana, mpaka Mihayo alipoliacha bawa na likabaki limetulia hewani, halijui chini wala juu. Mzee akalisukuma kwa kidole, likabaki. Akalisukuma tena. Akacheka! "Wewe bwana, kitu hiki kinasikia!"

Wakairudisha majini, ikaondoka. Haikuyumba. Katikati ya bwawa upepo ukageuka ghafla, nikaona nyasi zinalala upande mwingine, nikafumba macho. Nilipofumbua, bawa lilikuwa limeshageuka, na mashua inakwenda zake ng'ambo, mkia wa maji nyuma yake umenyooka. Baba mkwe alikuwa ameingia majini hadi magotini na viatu vyake, anaipungia kofia.

Mama wa miwani alisema wanataka hii na nyingine mbili. Nilipiga vigelegele peke yangu, kijana wa vipimo akaruka. Kisha nikamkumbatia Mihayo mbele ya baba mkwe, aibu iliyoje, lakini mzee alikuwa ameangalia maji.

Nisalimie Mama Mdogo, mwambie sala zake zimefika. Msalimie shemeji, na mwalimu wangu wa fizikia ukimkuta sokoni, mwambie Salome sasa amejua upepo una kazi gani. Wabusu wanao. Bibi anakusalimu na kuuliza kama na wewe una mume wa kugawana.

Nilikuwa nimeshapanga, Dada, kuja kwako peke yangu na begi langu, nilie mpaka nichoke. Begi bado liko tayari, lakini mashati ya Mihayo nimeyatia humo pamoja na magauni yangu. Mbao za mashua mpya zinakauka, hazitatuhitaji kwa siku chache. Kabla mwezi huu haujaisha tutabisha hodi kwako, na utatandika kitanda cha watu wawili.

Mdogo wako mwenye furaha,
Salome, mke wa Mihayo