Mama, Mimi Pia Nilithibitisha

Mama,

Nimekaa kizingitini kwako hapa Makere. Ni saa nane mchana. Mlango nimeufunga nyuma yangu kwa sababu ndani bado siwezi kukaa peke yangu. Barua hii nimeianza mara mbili na kuichana. Mara ya kwanza niliandika juu "Yahusu", kama barua ya ofisini, nikasikia kabisa unavyocheka. Wewe ndiye uliyeniita Mtendaji mbele za watu na Enosi tukiwa jikoni. Uliniambia cheo ni kama koti la mvua, ukiingia nalo ndani utalowesha wenzako. Basi leo anayeandika ni Enosi.

Nianze na habari za hapa, maana hukupenda mgeni atue mzigo kabla hajasalimia. Lami imesogea sana. Nikitoka alfajiri kule Kibondo, kwenye kijiji ninachokisimamia, saa nne nimeshashuka basi hapa. Mkwe wako hajambo, na mwanangu wa mwisho ameanza darasa la kwanza, anaandika kwa mkono wa kushoto kama wewe. Yule mbuzi wako mweupe amezaa mapacha. Baba mdogo anadai mmoja ni wake kwa sababu alikuwa anamchunga, na mimi nimemwachia, sikutaka maneno.

Shamba la bondeni halijalimwa. Siyo lako tu. Mama Tabu, jirani yako, goti lake limekufa kabisa, na zamani angempa mtu kipande alime, mambo yakaenda. Sasa hataki. Anasema heri magugu, magugu hayana kesi. Nyumba nyingi zimefanya hivyohivyo. Wajane na wazee wanaangalia ardhi yao ikifunikwa na nyasi, na wasio na ardhi wanazunguka kutafuta pa kulima. Hakuna sheria iliyoandika kwamba tusiazimane mashamba. Watu wamejifunza wenyewe, kwa kukutazama wewe.

Niruhusu niisimulie tena siku ile, ingawa wewe ndiye uliyekuwepo na mimi nilihadithiwa tu.

Ulikuwa umemwazima yule bwana wa Nyabibuye kipande cha chini, karibu na mto, alime mahindi, akivuna akuletee debe moja. Hamkuandikiana. Nani aliwahi kuandikiana kwa ajili ya debe la mahindi? Katikati ya mahindi, mahali ambapo miguu yako haikuwa inafika tena, akapanda bangi. Kikosi cha operesheni kikaja na magari mawili, mtendaji wa hapa kijijini mbele, watu nyuma. Mkubwa wao akauliza shamba ni la nani.

Na kati ya waliosimama pale alikuwemo baba mdogo. Yeye huyohuyo aliyelitaka shamba lile baada ya baba kufa, akakuzungusha miaka mitatu mpaka kwenye baraza la kata. Kule barazani uliulizwa swali lilelile sijui mara ngapi, ukalijua jibu lake kama mtu anavyojua sala. Kwetu Waha mtu akilikana shamba lake mbele ya mashahidi, amelitoa. Ungesema "nimempa mtu", kesho yake baba mdogo angekuwa amesimama mpakani na jembe. Kwa hiyo ulisema ulichofundishwa kusema: "Shamba ni langu, na mtu asiniulize tena."

Wao wakaandika kwamba umekiri.

Yule bwana alikuwa ameshakimbia, na sijasikia kwamba kuna aliyemfuata. Wamfuate wa nini? Mwenye shamba alikuwa amepatikana, tena amejitaja kwa mdomo wake. Miche iling'olewa na mizizi yake na udongo wa mvua, ikashindiliwa kwenye magunia, ikaenda kupimwa kwenye mizani ya mnunuzi wa maharage. Uzito ukapita ule unaoruhusu dhamana. Baadaye uliniambia, "Enosi, hata udongo wangu waliukamata." Ulicheka mwenyewe mpaka ukashika mbavu. Mimi nilishindwa.

Miezi saba mahabusu, Mama. Kila baada ya wiki mbili unapandishwa kizimbani unaambiwa upelelezi haujakamilika, majibu ya mkemia hayajafika. Nilikuwa nakuja na dawa zako za presha na khanga safi, na wewe unaniuliza kama maharage yamepaliliwa. Kisha siku moja wakakuachia. Kesi imeondolewa, nenda nyumbani. Hakuna aliyekuambia kwamba huna hatia. Hata pole hukupewa. Ulirudi umekuwa mdogo, unawasalimia majirani ukiwa umekaa, wewe ambaye ulikuwa unamsindikiza mgeni mpaka njia panda. Baada ya wiki tano tukakuzika. Daktari alisema presha, na mimi sibishani na daktari.

Na bangi? Ipo. Pita nyuma ya stendi mchana kweupe utaisikia harufu yake kabla hujawaona wavutaji. Sisemi iachwe. Nimewaona vijana wa rika langu walioharibikiwa nayo, na nimemsaidia mama mmoja kumfunga mwanawe kamba ampeleke hospitali, sitaki kuliona jambo lile tena. Lakini sheria inayomshika aliyesimama na kumwacha aliyekimbia inawafundisha watu kukimbia. Nayasema haya kama mtu anayeisimamia.

Sasa nitue mzigo. Kuna jambo sikukuambia ukiwa hai.

Miezi minne kabla ya wewe kukamatwa, kikosi kilikuja kijijini kwangu. Kuna mzee kule anaitwa Ntahondi, mjukuu wake anasoma na mwanangu wa pili. Mwaka ule niliitisha mkutano wa kijiji nikawaambia watu, ukimwazima mtu shamba, njoo ofisini tuandike, serikali inaheshimu karatasi. Niliongea vizuri, Mama, hata mimi nilijipenda. Katika kijiji kizima alikuja Mzee Ntahondi peke yake. Nikaandika kwa mkono wangu kwamba kipande cha juu kinalimwa na fulani kwa misimu miwili. Wakaweka vidole gumba, nikagonga muhuri. Akaniomba nimtunzie karatasi ofisini, kwa sababu paa lake linavuja.

Basi ikakutwa bangi kwenye kipande kilekile cha juu. Aliyekilima hakuonekana. Wakamuuliza mzee shamba ni la nani. Akasimama wima akajibu kwamba ni lake, aliachiwa na baba yake. Mkubwa wa kikosi akanigeukia: "Mtendaji, unathibitisha?"

Nikasema, "Nathibitisha."

Mzee akaniangalia. Hakuwa na hofu hata kidogo. Alikuwa anangoja nimalizie, kama mtu anayemngoja mwenzake avute pumzi ndipo aendelee. Sikuendelea. Wiki iliyotangulia watendaji tuliitwa kikao, tukaambiwa kwamba kijiji kitakachokutwa na bangi, wa kwanza kuulizwa ni mtendaji wake, na atakayejaribu kumkinga mtu ataondoka naye. Pale shambani niliiona ada ya shule, nikaiona nyumba ya kupanga, nikamwona mkwe wako akifunga vyombo. Nikatia saini kwenye hati ya ukamataji, mahali palipoandikwa shahidi huru. Huru, Mama.

Sikusema uongo. Hilo ndilo nililokuwa najifariji nalo. Shamba lilikuwa lake kweli. Alipohojiwa kituoni aliwaambia karatasi iko kwa mtendaji, wakanipigia simu. Nikawajibu nitaitafuta. Nilikuwa nimeshaiona, ilikuwa kabatini, faili la tatu kutoka juu. Hawakupiga tena, na mimi sikupiga.

Kisha wakakukamata wewe.

Unakumbuka nilivyomtukana mtendaji wa hapa Makere? Nilimwita mwoga na kibaraka, na siku ya msiba alipokuja kunipa mkono nilimwachia mkono wake hewani mbele ya watu. Yeye alikuwa amefanya nini? Aliulizwa, akathibitisha. Siku niliyokutembelea nikiwa nawaka, wewe ukaniambia taratibu, "Mwache, mwana wanje, mwanangu we, naye ana watoto." Nililia njiani kote hadi Kibondo. Kondakta alidhani nimefiwa.

Zile wiki tano ulizokaa nyumbani nilikuwa na kila nafasi ya kukuambia. Kuna siku tulipukuchua maharage wawili tu, ukaninyooshea kidole chenye vumbi ukauliza nina nini. Nikasema uchovu wa safari. Nilijua ukishasikia hutanipiga wala hutanilaani. Utauliza tu yule mzee anakula nini huko. Na mimi nisingekuwa na jibu, kwa sababu sikuwahi kwenda kumwona hata mara moja.

Jana nimetoa ushahidi kwenye kesi yake. Amekaa ndani zaidi ya mwaka. Niliitwa kama shahidi wa mashtaka. Karatasi niliibeba, ilikuwa mfuko wa ndani wa koti, na njia nzima nilikuwa naipapasa. Nikajiambia nikipanda tu nitaitoa. Nikapanda, sikuitoa. Mwendesha mashtaka akauliza kama nilithibitisha shamba kuwa la mshtakiwa, nikajibu ndiyo. Akauliza kama saini ile ni yangu, nikajibu ndiyo. Akakaa. Ilikuwa imechukua muda mfupi kuliko kununua chane ya ndizi sokoni, na ningeweza kushuka nikaenda zangu.

Mzee hana wakili. Hakimu akamwambia kama ana swali kwa shahidi aulize. Akasimama kwa kushikilia ukingo wa kizimba. Amekonda, shati limekuwa la mtu mwingine. Nilitegemea anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Akauliza swali moja, kwa sauti ya mtu aliyekuja ofisini asubuhi akakuta foleni:

"Mwanangu, ile karatasi yangu umeipata?"

Mama, nilishika mbao za kile kizimba cha mashahidi kwa mikono yote miwili. Nikasema nimeipata, mzee. Nikaitoa. Nikamwambia hakimu kwamba haikuwahi kupotea, ilikuwa kabatini kwangu tangu siku ya kwanza, niliiandika mimi na muhuri ni wangu, na simu nilipopigiwa nilidanganya. Mwendesha mashtaka akainuka akauliza mimi ni shahidi wa nani. Hakimu akaacha kuandika, akaniuliza kwa nini nilinyamaza muda wote huo.

"Niliogopa, mheshimiwa."

Akaliandika neno hilo. Nilimwona akiliandika. Kisha akaipokea karatasi, akaisoma mbele na nyuma, akapanga tarehe ya hukumu, na Mzee Ntahondi akarudishwa mahabusu hadi siku hiyo, kwa sababu utaratibu ndivyo ulivyo. Alipopita karibu yangu alinitikisia kichwa, kama mtu aliyerudishiwa jembe lake likiwa limevunjika mpini. Sijui hukumu itakuwaje. Karatasi moja iliyochelewa mwaka mzima, sijui ina nguvu gani.

Leo asubuhi nimepigiwa simu nikiwa kwenye basi kuja huku. Natakiwa kuandika maelezo ndani ya siku saba, kwa nini nisichukuliwe hatua. Mkwe wako nimemwambia yote juzi, kabla ya mahakama. Alisonga ugali, akatenga, ndipo akasema kwao Heru kuna shamba la mama yake. Basi nikajua tutakula.

Mama, sikuombi msamaha, kwa sababu huna tena namna ya kuninyima, na msamaha wa hivyo ni rahisi mno. Nilitaka tu uache kunijua kama yule uliyekuwa ukijivunia kanisani. Huyo hakuwepo siku alipotakiwa. Naumia kwamba ulikufa ukimwombea.

Nimepalilia kaburi lako, nimeweka mawe upande wa chini ili mvua isilile. Basi la mwisho linapita saa kumi, lazima nisimame sasa. Pumzika, Mama. Umsalimie baba, na umwambie shamba lake lipo.

Ahadi yangu ni hii moja tu. Siku ya hukumu ya Mzee Ntahondi, nikiwa bado mtendaji au nikiwa mtu tu wa kijijini, nitafika mapema, nitakaa benchi la mbele kabisa, na wakimwingiza sitaangalia chini.

Mwanao,
Enosi