Tulivyolala Garini Tuliporudi Kigali

Aline mjukuu wangu,

Huku Gisozi tumeamka salama, na kaka yako ameanza kazi kiwandani Masoro. Umeniuliza utalalaje vizuri garini huko safarini Tanzania, maana mgongo unakuuma.

Tuliporudi Kigali, kabla ya kupata nyumba, bibi yako nami tulilala garini. Mimi nilikaa wima, vioo nimefunga, nikimwogopa kila anayepita. Usingizi haukuja. Jioni iliyofuata bibi yako alilaza viti, akajaza mabonde kwa nguo mpaka pakawa sawa, akatundika kitenge dirishani, kisha akashusha kioo kidogo.

“Watu watatuona,” nikamwambia.

“Tukikosa hewa watatukuta maiti. Lala.”

Akavua viatu, akavipanga chini kando ya mlango, kama mtu aliyefika kwake. Nami nikavua vyangu. Sijui kilichonisaidia ni zile nguo au ni kuvua viatu, lakini nililala mpaka jua likatoka. Mama mmoja aliyekuwa akienda sokoni alisimama, akatusalimu, “Mwaramutse, majirani.” Bibi yako akafungua mlango, akamwitikia kama mwenye nyumba.

Mungu akupe usingizi mwema kila unakofika.

Sogokuru wako