Kuulaza Mguu wa Injini

Jumapili, Novemba

Neno moja tu, "laza", na leo limenichosha mwili na roho.

Baba Salma alinipigia simu asubuhi kutoka hospitali alikolazwa. "Baridi ya huku ughaibuni imeshaanza, usiku maji yataganda. Badilisheni mafuta kwenye mguu wa injini ya boti, kisha muulaze."

Boti iko uani, juu ya trela. Jirani yetu Kamau akaja kunisaidia. Tulibadilisha mafuta mpaka vidole vikafa ganzi, halafu tukauinua ule mguu wenye propela hadi ukalala kama mtu kitandani. Nikaupiga picha, nikamtumia.

Akapiga papo hapo, anafoka. "Mmeuinua! Maji yatabaki ndani, yagande, yaupasue! Nikisema laza, ushusheni chini kabisa upumzike!"

"Si alisema tuulaze?" Kamau akaninong'oneza. Hata mimi, mkewe, nilielewa hivyo hivyo. Basi aseme "shusha", kwani kuna ubaya gani? Mgonjwa, lakini ukali wake uko palepale. Nilikaribia kuufurahia.

Tukaushusha. Maji yakachuruzika, mengi, yakanilowesha viatu. Nikamwambia yametoka yote, nikamsikia akishusha pumzi.

"Haya," akasema, sauti imeshapoa. "Joto likirudi, mkiiingiza boti majini, msisahau kizibo cha nyuma."

Mkiiingiza. Hakusema tukiiingiza.

Nimelirudia neno hilo jioni nzima, nikitafuta maana nyingine. Safari hii nadhani nimemwelewa.