Mke wa Susu Mbula

Tala, Machakos
16 Machi

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mtoto wako Nzilani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa na hoteli yako hapo Voi imejaa wateja. Huku hatujambo. Mvua imenyesha mara mbili tu, lakini mimi na mume wangu Mulwa tumeshapanda kunde, liwalo na liwe. Wasichana wetu ni wazima. Yule mdogo, Ndila wako, ameota meno mawili na anang'ata kila kitu, hata mimi mwenyewe. Naandika Kiswahili kwa sababu Kikamba nakiongea kutwa lakini kukiandika kunanishinda, aibu kwa mwalimu mzima. Utauliza mbona sikupiga simu. Nilipiga mara tatu, mama, mwaitu wangu, na mara zote niliishia kukuuliza bei ya nyanya. Ndiyo maana barua hii inaletwa na rafiki yako Zuleha, anayekuja kumwona kaka yake huko. Nimemwomba asikae karibu nawe ukiisoma.

Kikundi cha akina mama wa hapa kiliniomba nizungumze Siku ya Wanawake. Walitaka kujua huu ufeministi ni kitu gani, maana binti zao wanautaja, waume zao wanautukana, na wao wako katikati hawajui washike lipi. Nikakubali haraka haraka. Mwalimu wa historia akatae kuongea? Nikasoma wiki mbili.

Siku yenyewe nilianza vizuri, hata kama najisifu. Niliwaambia maana yake si kuchukia wanaume. Ni kudai mwanamke ahesabiwe mtu kamili kwa sheria, kwa mali na nyumbani kwake. Neno lenyewe lilianza kuvuma Ulaya zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wanawake wa huko wakidai kura na elimu. Waliofuata wakadai kazi, mishahara, na kuamua wenyewe kuhusu miili yao. Halafu wanawake weusi na wa nchi kama zetu wakauliza: nyinyi mnaotaka kutoka jikoni mwende kazini, sisi ambao kazi yetu ni jikoni mwenu mnatuweka wapi? Hapo walicheka sana. Nilipotaja mkutano mkubwa wa wanawake wa dunia uliofanyika Nairobi mwaka wa 1985, mama mmoja akasema mwaka huo yeye alikuwa anachimba matuta na wenzake wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, na mwaliko haukumfikia.

Wakaanza kubishana, nami nikafurahi. Mmoja akasema haki ya kwanza ni shamba, kwani Katiba inampa binti urithi ila kaka zake wamekataa kuisoma. Mwingine, mama wa kanisa, akasema yeye ataka heshima tu, usawa utabomoa nyumba za watu. Zuleha akasema dini yake ilimpa mwanamke mali yake mwenyewe tangu zamani, kwa hivyo duka lake la vitambaa kule mjini mume halimhusu, na hakufundishwa hilo na Mzungu. Msichana mmoja wa chuo akatangaza kwamba yeye haolewi kabisa, na mamake akahamisha kiti.

Nilitaka kuwapatanisha, na hapo ndipo nilipojikwaa. Niliwaambia kwamba Wakamba tulikuwa na wanawake wenye nguvu kabla ya neno hilo kufika, nikatoa mfano wa nyanya yangu, Susu Mbula. Nikawaeleza wasichana jinsi alivyofiwa na mume bila mtoto, na shemeji zake wakaanza kulipima shamba kwa macho. Yeye akafanya lililoruhusiwa na mila. Akatoa mbuzi, akaoa mke, iweto, ili watoto wa mke huyo wawe wa nyumba yake na shamba lisitoke. Nikasema, mwanamke aliyetoa mahari kwa mkono wake, kama huyo si mfeministi ni nani? Vigelegele vilipigwa mpaka nikajiona mkubwa.

Kisha Zuleha akasimama. Aliuliza kwa upole kabisa, huyo mke aliyeolewa, kuna mtu aliyemuuliza kama anataka?

Mama, nusu saa nzima nilikuwa nimemsifu aliyeoa, na aliyeolewa ni wewe. Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Nilisoma vitabu vyote vile na sikukukumbuka hata mara moja, mimi niliyetoka tumboni mwako! Nilisema asante kwa swali, kama mwanasiasa, nikaketi. Zuleha hakunisuta. Alinipa leso nifute uso.

Tangu siku hiyo natamani kukuona hadi mwili unaniuma. Nikichemsha muthokoi wa mahindi nakumbuka ulivyokuwa ukiutwanga huku ukiimba kwa pua, wimbo huo huo mmoja, na Susu akikuambia uubadilishe. Mulwa ananiambia mtu wa miaka thelathini halilii mama. Aniache. Nataka umbebe Ndila. Nataka nikuone uani pangu ukilalamika kwamba sijui kupika chai. Lakini uliapa hutakanyaga boma hili la Susu yeye akiwa hai, na miaka kumi na minane umekishika kiapo hicho. Sababu yake ni mimi, na ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Ulipoondoka uliniambia nikufuate Tala siku ya soko. Kwa mila mimi nilikuwa mtoto wa Mbula, hukuweza kunichukua mbele ya watu, ukasema utaningoja penye nguo za mitumba tupande gari pamoja. Ulingoja mpaka soko likavunjika, ukaenda peke yako. Ulipotuma mtu kuuliza, nilimjibu kwamba Susu alinifungia ghalani.

Hakunifungia, mwaitu. Nilikuja. Nilisimama nyuma ya makoti ya mitumba, karibu hata nikaona kwamba umeninunulia viatu, umevishika mkononi. Sikutoka. Nilikuwa nimekukasirikia kwa kuamua kuondoka bila kuniambia mapema, nikataka nawe uonje kuachwa. Nilidhani utarudi nyumbani kunitafuta jioni hiyo hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, sikujua kwamba mama naye anaweza kwenda kweli.

Mwezi uliofuata ulikuja ukasimama nje ya ua, ukamwita Susu mwizi wa watoto. Aligeuka, akaniangalia usoni mara moja, akaelewa. Akakujibu kwamba ndiyo, alinifungia. Hajawahi kunitaja kwa mtu. Juzi nilimuuliza kwa nini alibeba lawama yangu, akasema wewe ulikuwa unamchukia tayari, kuongezewa kidogo hakungemuua.

Nikasirikie, una haki. Ukitaka usinipigie mwaka mzima nitavumilia, ingawa nitalia. Lakini hilo la ghala mwondolee. Yapo mengine ya kumlaumu, na hayo siyafuti. Tangu Januari hatoki kitandani. Daktari wa mjini alituambia tumrudishe nyumbani apumzike, nasi tunaelewa maana yake. Zuleha anarudi Jumapili, na amesema nauli ya wawili haimshindi. Njoo, mama, tafadhali.

Mulwa anakusalimu, na mkubwa wetu anauliza kama Voi kuna ndovu barabarani kweli. Susu pia anakusalimu. Nilimsomea barua hii yote kwa Kikamba kabla ya kufunga bahasha, nikamuuliza kama ana neno. Aliomba nimwinulie mto. Kisha akaniambia nikuandikie kwamba siku aliyopeleka mbuzi kwa babako alikuona nyuma ya nyumba ukilia, na kwa kuwaogopa shemeji zake akajifanya hajakuona.

Ni mimi mtoto wako,

Nzilani