Neno Nililomsingizia Zaina

Jumatatu, 5 Juni 1972
Zamu yangu ya ukaguzi mstarini. Kucha, masikio, shingo, nywele. Darasa la tano wachafu kuliko wote, wanatoka shamba la kijiji na udongo wao.

Jumamosi ndiyo sherehe. Imetimia miaka hamsini tangu sheria ifute utumwa Tanganyika. Wageni watatoka Handeni mjini, na Mwalimu Mkuu anataka wasichana wote wawe wamenyoa. Amri ya mwezi huu tu. Zamani hakuna aliyewabana. Zaina, atakayeigiza mama aliyeachwa huru kwenye mchezo wa siku hiyo, kaja amesukwa vizuri, mistari myembamba hadi kisogoni. Nikamwita mbele, nikachukua mkasi.

Alisema polepole, "Mwalimu, bibi amekataza."

Wenzake wakaguna. Nikaona nimedharauliwa. Nikasema kwa sauti kwamba ana chawa, kisha nikakata.

Hakuwa na chawa.

Jumanne, 6 Juni
Zaina hakuja. Aliyekuwa akikaa naye kaomba ahamishwe benchi. Nafasi ya Zaina kwenye mchezo kapewa mwingine. Nimelikubali hilo pia.

Nywele zangu mwenyewe nilizinyoosha Jumapili. Kitana cha chuma juu ya jiko la mkaa, mafuta, moshi, sikio limeungua kidogo. Mama yangu, aliyekata mkonge Korogwe hadi mgongo ukapinda, alinifundisha kwamba msomi hatembei na kichwa cha kibarua. Niko mbele ya watoto na nywele zilizolazwa kwa moto, nawanyoa wao. Sikuwahi kuliona jambo hilo hadi leo.

Jumatano, 7 Juni
Hakuja tena. Baada ya masomo nikaenda kwao. Bibi yake, Bibi Mwantumu, alikuwa uani anachambua kunde. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Kiti hakunipa. Zaina aliniona, akaingia ndani.

Bibi alizungumza bila kuacha kunde zake. "Mama yangu alikamatwa akiwa mtoto, akapelekwa Pangani. Kabla ya kumuuza walimnyoa, ili mnunuzi amwone fuvu lote kama hana kidonda. Aliporudi huku Uzigua hakugusa wembe tena mpaka tunamzika. Akanisuka mimi. Mimi nikamsuka huyu. Safari hii nilimsuka kwa ajili ya hiyo siku yenu."

Nikamwambia kwamba sikuona chawa. Nilisema tu.

Akaendelea kuchambua. Nilidhani atanifukuza.

"Nywele zitaota, mwanangu. Hilo neno la chawa haliondoki lenyewe. Kaliondoe palepale uliposemea."

Mwanangu. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 8 Juni
Nilisimama mstarini nikatangaza kazi ya kufyeka uwanja. Basi. Mwoga mimi.

Ijumaa, 9 Juni
Nimemweleza Mwalimu Mkuu. Alisikiliza, akapangusa miwani. "Subiri wageni waondoke. Usituaibishe." Nikaitikia, "Ndiyo, Mwalimu." Nikatoka na furaha kwamba nimekatazwa. Furaha hiyo inanitia kinyaa.

Jumamosi, 10 Juni
Uwanja ulijaa. Mgeni wa wilayani alihutubia kwamba minyororo imekwisha, imebaki tabia ya kujidharau. Watu wakapiga makofi. Mimi pia.

Bibi Mwantumu alikuwa nyuma kabisa, amesimama. Zaina kando yake, kichwa amekifunga kanga ya mtu mzima. Watoto waliokuwa karibu nao walisogea mbali. Niliwaona wakisogea, nikajua hakuna kungoja kesho.

Kabla ya mchezo kuanza nikaenda mbele. Nikasema Zaina hakuwa na chawa. Nikasema nilisema uongo kwa sababu ya hasira, kisha nikamkata nywele alizosukwa na bibi yake kwa ajili ya siku hii. Nikamwomba radhi yeye na bibi yake. Nikarudia, maana wa nyuma hawakusikia.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu Mkuu alikuwa akitazama viatu vyake. Mchezo ukaendelea na yule msichana mwingine, akasahau maneno mara mbili. Zaina hakuniangalia hata mara moja. Lakini yule aliyehama benchi alikwenda nyuma, akakaa chini karibu naye.

Jumatatu, 12 Juni
Nimepewa barua ya onyo. Halali yangu, ingawa imeandikwa kwa kosa la kuaibisha shule, si kwa lile la Zaina.

Nimeosha nywele kwa maji matupu. Zimejikunja zote. Darasani walinong'ona. Nikaandika hesabu ubaoni.

Jumatatu, 26 Juni
Zaina yumo darasani tangu juma lililopita. Wakisimama kuamkia anasimama. Swali hajaniuliza.

Leo jioni nimekwenda kwao kupeleka daftari lake. Bibi Mwantumu alikuwa anamsuka jirani. Alipomaliza akapiga mkeka kwa kiganja, nami nikakaa. Vidole vikavu, anavuta kwa nguvu, machozi yalinitoka. Hakunipa pole.

Zaina alikuwa anapepeta mahindi, kichwa wazi, nywele zimeanza kuota. Nikataka kumwomba radhi tena. Nikageuka kumtazama. Bibi akanishika taya, akakirudisha kichwa changu mahali pake, akaendelea kusuka.