Nyota juu ya banda la Merv

Rhonda upo? Nimefanya jambo la aibu. Usimwambie mtu.

Yule posum ninayemlisha kwenye uzio, yule mnyama wa usiku wa mkia wa manyoya, mwenye mtoto mgongoni. Ameua ndege wa Merv. Yaani mimi ndiye niliyemuua.

Merv jirani, mzee wa watu, wiki nzima ananilalamikia kuwa usiku kuna kitu kinatua juu ya banda, kasuku wake wanashtuka na kujigonga gizani. Mimi nikamjibu, "Ni paka wa mtaa wa nyuma huyo." Paka! Kwa kinywa changu hiki!

Leo asubuhi kaja na boksi la viatu. Ndani yumo Pearl, kasuku wa marehemu mkewe. Shingo imevunjika.

Nikasema, "Pole sana Merv. Paka hawa jamani!"

Akafungua kiganja. Kipande cha tufaha. Cha umbo la nyota, Rhonda. NYOTA. Kile kikatio ulichomnunulia mwanangu Tilly kwa chakula cha shule! Nyota anazobakiza zote nampa posum.

"Nimekiokota juu ya banda," akasema. "Paka wa siku hizi wana madaha."

Sikuwa na pa kuuficha uso. Nikaapa simlishi tena.

Akatikisa kichwa. "Usimkatie chakula ghafla, binti. Akikosa kwako atakuja kutafuta kwangu, na bado ninao wawili."

Shimo la Pearl nimechimba mimi. Sasa niko jikoni nakata nyota za jioni za posum, chache kuliko za jana.