Kufuli ya Sidonie

Runingu, mwezi wa tatu 1965

Kizito,

Weye iko mujinga, na minye nyanya yako nakuambia bila kuficha. Nani alikufundisha kumufungia muke mu chumba na kufuli ili uone kama anatii? Sidonie anakutii tangu arusi. Anapiga magoti akikupa maji, anangoja neno lako mbele ya kila jambo, na anasema mwenyewe anapenda hivyo. Sawa, hiyo ni yenu. Lakini mbele yangu aliomba kitu kimoja tu: usimufungie mlango. Unajua waasi walimufungia siku mbili mu depo ya pamba. Ulikubali, tukanywa pombe ya mtama kwa mrija mmoja kufunga ile ahadi.

Jana amefika hapa, akaniambia umemufungia na kufuli. Nilikamata fimbo nije kwako Kavimvira. Ndipo akasema, "Nyanya, ngoja. Niligonga mara moja, nikasema inatosha, akafungua palepale. Alilia kunishinda."

Eh! Nikakaa chini, moyo ukatulia. Kumbe iko muntu ndani yako.

Leo amekula bugali na samaki wadogo wa ndagala sahani mbili. Ananicheka eti hata kuku wangu hawanitii.

Sasa sikia. Tupa ile kufuli mu ziwa. Jumamosi kuja hapa, umuombe musamaha, umuulize kama anataka kurudi, kisha unyamaze mpaka ajibu mwenyewe. Akisema bado, urudi Kavimvira peke yako, na usinune.

Minye nyanya yako,
Domitille